Usinunue Mbuzi Ndani ya Gunia

(Haya ni mazungumzo yetu na viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika semina ya siku moja. Wengi mliomba yaandikwe ili mkayasome pamoja na wenzenu nyumbani. Tumeyaacha karibu jinsi yalivyosemwa.)

  

Leo hatutazungumza juu ya mbolea wala matangi ya maji. Tutazungumza juu ya kununua vitu kwa simu, na hasa kununua kwa mnada wa mtandao. Sababu ni kwamba siku hizi karibu kila kikundi kina kijana mwenye simu ya intaneti, na karibu kila mkutano kuna mtu anasema, "Ya nini kwenda mjini? Tutafute kwa simu, huko ni rahisi." Mara nyingine ni kweli, ni rahisi. Mara nyingine ni machozi. Sisi wa ofisi ya maendeleo tumeona yote mawili, na machozi mengine tulihusika nayo sisi wenyewe, kama mtakavyosikia.

MINADA TUNAYOIJUA

Mnada si jambo geni kwetu. Siku ya mavuno kanisani mama analeta jogoo wake. Mzee mmoja anasema mia tano, mwingine mia saba, wa tatu anasimama na kusema elfu moja. Jogoo anafika elfu tatu, na aliyemshinda anamrudisha mbele auzwe tena! Tunacheka, tunapiga makofi. Hakuna anayekwenda nyumbani akilia, kwa sababu kila mtu anajua kwamba hakununua jogoo. Amechanga mabati ya paa.

Mnada wa pili ni ule wa soko la mifugo. Pale hakuna mchezo. Unamfungua mbuzi mdomo uhesabu meno. Unampapasa mgongo. Unamtembeza uone kama anachechemea. Unauliza ametoka boma la nani. Na ukiisha kulipa, unajua muuzaji anakaa upande gani wa mto.

Sasa mnada wa mtandao ni wa namna gani? Una joto la mnada wa kanisani, watu wakipandishiana bei dakika za mwisho, lakini pesa zake ni za soko la mifugo. Na mbuzi mwenyewe yuko ndani ya gunia. Hapo ndipo taabu yote inapoanzia.

MASHINE YA KUKATIA MAJANI

Tuwape habari ya kikundi kimoja tunachokijua vizuri. Hatutakitaja jina, na muuzaji pia hatutamtaja. Wanachama ni 26, akina mama 22 na wanaume wanne, wote wana ng'ombe wa maziwa. Walichoka kukata nepia kwa panga. Wakaamua kila mmoja atoe shilingi mia kila wiki, wapate mashine ya kukatia majani. Kwa wiki 14 walikuwa na shilingi 36,400.

Kijana wa mmoja wao akaona kwenye simu mashine iliyotumika ikiuzwa kwa mnada. Bei ya kuanzia ilikuwa shilingi 5,000 tu. Picha ilikuwa nzuri, rangi ya kijani inang'aa. Maneno yalisema, "Mashine na mota yake, inafanya kazi vizuri sana." Mnada kufungwa Jumamosi saa kumi na mbili jioni.

Wale akina mama walikuja ofisini kutuuliza. Sisi tuliangalia ile picha, tukasoma yale maneno, tukasema, "Sawa, jaribuni bahati yenu." Tukumbuke hayo maneno. Tutayarudia.

Jumamosi walikusanyika kuizunguka simu moja. Bei ilipanda. Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeshindana nao. Wakisema 20,000, yeye 20,500. Wakisema 25,000, yeye 25,500. Kila aliyekuwepo alisema, "Ongeza, ongeza, tusishindwe sasa!" Saa ya kufunga ilipofika walikuwa wameshinda kwa shilingi 31,500. Walipiga vigelegele.

Mweka hazina alituma pesa kwa simu yake usiku ule. Kesho yake muuzaji akaandika kwamba kuna shilingi 4,200 za kufunga mzigo na kuusafirisha. Hizo hazikuwa zimetajwa mahali popote. Wakalipa, wangefanyaje? Halafu kimya. Wiki moja, wiki mbili. Simu hailiwi. Siku ya 19 mashine ikafika juu ya lori la viazi.

Fundi wa stima alikuja, akainama, akasoma kibao kidogo cha chuma kilicho kwenye mota. Akainuka akasema, "Mama, hii ni mota ya fezi tatu. Stima ya hapa nyumbani haiwezi kuizungusha. Hii ni ya kinu cha posho."

Basi walimwandikia muuzaji. Safari hii alijibu upesi sana. Alijibu neno moja: "Hamkuuliza."

Ndugu zetu, mtu huyu alisema uongo? Angalieni vizuri. Mashine ilikuwa inafanya kazi, kwake yeye mwenye stima ya fezi tatu. Picha ilikuwa ya mashine ileile. Lakini picha ilipigwa kutoka upande ambao kibao hakionekani. Hilo ndilo gunia.

TULIVYOUMIZANA

Hasara ya pesa haikuwa mbaya kuliko zote. Mbaya zaidi ni yale yaliyotokea ndani ya kikundi. Kwa kuwa pesa zilitoka kwa simu ya mweka hazina, maneno yalianza kisimani. Ati alikula kidogo. Ati muuzaji ni jamaa yake. Ati alipe yeye. Mama yule aliacha kuja mikutanoni. Alituma mtoto alete vitabu vya hesabu vikiwa vimefungwa kwa leso.

Tulikwenda kwake. Alitupikia chai, lakini hakuketi. Alituambia, "Nyinyi mlisema sawa. Mbona hakuna anayesema hivyo?"

Alikuwa na haki. Mkutano uliofuata tulisimama mbele ya wanachama wote tukasema kwamba kikundi kilituomba shauri, tukalitoa bila kuuliza hata swali moja juu ya mota. Kosa ni la wote waliosema "ongeza, ongeza", na ni letu pia. Tukavifungua vile vitabu, tukasoma kila shilingi kwa sauti. Hakuna hata senti iliyopotea. Mzee mmoja aliyekuwa amesema sana kule kisimani aliomba radhi mbele ya watu. Mweka hazina alirudi kwenye kiti chake.

Tunawaambia haya kwa sababu kikundi kinaweza kuvunjika kwa udanganyifu wa mtu ambaye hata hamjawahi kumwona uso.

MAMBO HAYA YALIANZIA WAPI?

Msifikiri ni sisi watu wa kijijini tu tunaopatwa na haya. Huko Marekani, mwezi wa Septemba 1995, kijana anayeitwa Pierre Omidyar alianzisha mnada wa mtandao katika jimbo la California. Baadaye ukaitwa eBay, na ukawa mkubwa sana duniani. Kati ya vitu vya kwanza kuuzwa humo ni kalamu ya mwanga, yaani laser pointer, iliyokuwa imeharibika. Ilinunuliwa kwa dola 14.83. Omidyar alimwandikia mnunuzi kumwuliza kama ameelewa kwamba kitu hiki kimeharibika. Yule mtu akajibu kwamba ameelewa, yeye hukusanya zile zilizoharibika.

Hebu tuitazame habari hii. Kitu kibovu kiliuzwa, na hakuna aliyelalamika. Kwa nini? Kwa sababu muuzaji alisema ubovu wake, na hata akarudi kuuliza mara ya pili. Malalamiko hayatoki kwenye ubovu wa kitu. Yanatoka kwenye ubovu uliofichwa.

Lakini si wauzaji wote waliofuata mfano huo. Wanunuzi walilalamika sana, mpaka mwaka 2007 mnada huo ukaanza kuwaomba wanunuzi wawape wauzaji alama kwa mambo manne. Je, kitu kilifanana na maelezo? Je, muuzaji alijibu ulipomwuliza? Je, mzigo ulitumwa upesi? Je, gharama ya kusafirisha ilikuwa ya haki? Sasa rudini kwenye mashine ya majani mhesabu: maelezo, majibu, muda, usafiri. Yote manne! Waliokaa mbele ya kompyuta Marekani na akina mama wetu waliozunguka simu moja walilia kilio kimoja.

Hilo la usafiri lina ujanja wake. Muuzaji anaweka bei ndogo kwenye kitu, halafu anaficha faida yake ndani ya nauli. Huko eBay wauzaji walipenda njia hiyo pia kwa sababu mnada ulikuwa ukikata ada kwenye bei ya kitu tu, si kwenye nauli. Mwaka 2011 mnada ukaanza kukata ada kwenye nauli pia, ili kuziba tundu hilo.

MTU WA NYUMBANI KWA MUUZAJI

Mnamkumbuka yule aliyeshindana na kikundi chetu, kila mara akiongeza mia tano? Baadaye kijana wetu alirudi kutazama minada mingine ya muuzaji yuleyule. Jina lile lilikuwa humo. Kila mnada yuko, kila mnada ni wa pili, hashindi hata mara moja! Hatuwezi kuapa mbele ya hakimu. Lakini ninyi wenyewe mnaonaje?

Mchezo huu una historia. Mwaka 2000 mwanasheria mmoja wa California, Kenneth Walton, aliweka picha ya kuchorwa kwenye mnada wa eBay, bei ya kuanzia senti 25. Aliandika kama mtu asiyejua kitu, kumbe yeye mwenyewe alikuwa ameongeza herufi kwenye picha ili watu wadhani ni kazi ya mchoraji maarufu, Richard Diebenkorn. Bei ikafika dola 135,805, na aliyeshinda alikuwa mtu wa Uholanzi. Ndipo ikagundulika kwamba Walton na wenzake walikuwa na majina mengi ya bandia ya kupandishiana bei. Mauzo yakafutwa, na mwaka 2001 Walton akakiri makosa mahakamani. Huyo alikuwa mwanasheria, mtu anayejua sheria kuliko sisi sote hapa.

Nasi Kenya tunayo sheria juu ya jambo hili. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema kwamba muuzaji asipotangaza mapema kuwa naye anaweza kutoa bei kwenye mnada wake, haruhusiwi kufanya hivyo, wala kumtuma mtu amfanyie. Akifanya, mnunuzi anaweza kuyahesabu mauzo hayo kuwa ya udanganyifu. Sheria hii ilitungwa kwa ajili ya mnada wa nyundo na dalali, lakini hila ni ileile.

KWA NINI MNUNUZI NI MNYONGE

Mwaka 1970 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika juu ya soko la magari yaliyotumika. Alionyesha kwamba taabu ya soko hilo ni moja: muuzaji anajua gari lake, mnunuzi halijui. Kwa kuwa mnunuzi anaogopa, anatoa bei ndogo kwa magari yote. Mwenye gari zuri anaona hapati haki yake, analiondoa. Mwisho wanabaki wenye magari mabovu. Mwaka 2001 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili.

Tuliposoma hayo tulikumbuka maziwa. Mama mmoja akitia maji kwenye maziwa, na mnunuzi asijue ni nani, anapunguza bei ya wote. Mama mwaminifu anaumia kwa kosa la mwingine. Ndiyo sababu pale kwenye kituo cha maziwa tunaweka kipimo. Kipimo hakimtukani mtu. Kipimo kinamlinda mwaminifu.

Basi mnada wa mtandao nao unahitaji vipimo. Wenzetu waliviweka hatua kwa hatua. Kwanza, mwaka 1996, eBay ilianza kuwaacha watu waandike hadharani sifa au lawama juu ya mtu waliyefanya naye biashara. Lilikuwa jambo jema, lakini likapata ugonjwa. Muuzaji naye alikuwa na uwezo wa kumlaumu mnunuzi. Mnunuzi akisema ukweli, muuzaji analipiza kisasi. Watu wakaogopa, wakaandika "nzuri, nzuri" huku wanalia ndani. Mwaka 2008 sheria ikabadilishwa, muuzaji asiweze tena kumwandikia mnunuzi lawama. Wauzaji wengi walikasirika, wakasema kuna wanunuzi wakorofi pia, na hilo ni kweli. Lakini wenye mnada waliona kwamba soko ambalo mnunuzi anaogopa kusema halitadumu.

Kipimo cha pili ni pesa kuweza kurudi. Mnada ule uliweka utaratibu kwamba mnunuzi akipata kitu kisichofanana na maelezo, anatoa taarifa ndani ya siku zilizowekwa, na anaweza kurudishiwa pesa zake. Mkitazama vizuri, hivyo ndivyo vipimo vyenyewe: maneno yaliyoandikwa, sifa inayoonekana na wote, na pesa zinazoweza kurudi.

Na zile kurasa za minada kwenye simu, na vikundi vya kuuziana, vina vipimo hivyo? Vingi havina hata kimoja. Mtu anabandika picha, watu wanatoa bei, pesa zinakwenda kwa namba yake, basi. Akitaka anafuta kila kitu, anafungua jina jipya Jumatatu. Mahali pasipo na kipimo, kikundi lazima kije na kipimo chake.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Kwanza, ulizeni kwa maandishi kabla ya kutoa bei. Msiulize "ni nzuri?" Kila muuzaji atasema ni nzuri. Ulizeni: Ni ya mwaka gani? Inatumia stima gani au mafuta gani? Ni nini kimewahi kuharibika? Ombeni picha ya kibao cha chuma, na picha ya pande zote nne. Majibu myahifadhi. Muuzaji akikataa kujibu swali kabla hajapata pesa, je, atajibu akiisha kuzipata?

Pili, ulizeni bei yote mpaka mlangoni. Bei ya kitu, kufunga, nauli, kushusha. Halafu nendeni duka la vifaa mjini mkaulize bei ya kitu kipya. Sisi tulifanya hivyo tumechelewa. Mashine mpya ya namna ile, na mota ya stima ya nyumbani, ilikuwa shilingi 38,000. Kikundi kilikuwa kimelipa 35,700 kwa jumla. Yaani hatari yote ile ilikuwa kwa ajili ya kuokoa shilingi 2,300!

Tatu, andikeni bei ya mwisho kwenye kitabu cha mkutano kabla ya mnada kuanza, na watu watatu watie sahihi. Bei ikipita hapo, zimeni simu mwende nyumbani. Joto la mnada linapoteza akili za watu wazima. Kushindwa mnada si aibu. Bado mna pesa zenu.

Nne, tafuteni macho na mikono. Kila kijiji kina mtoto wake mjini. Mpigieni aende akaguse kitu, na kama ni mashine iwashwe akiwa amesimama hapo. Nauli yake ni rahisi kuliko hasara.

Tano, pesa zisitangulie. Lipeni mkipokea, au mkiisha kukagua. Mkilazimika kutuma, angalieni jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha. Likiwa si la yule mnayepatana naye, simameni. Na msidanganyike na habari ya kurudisha pesa. Ukikosea namba ya M-Pesa, unapeleka ule ujumbe kwa 456 mapema. Njia hiyo ni ya aliyekosea namba. Haikuwekwa kwa ajili ya aliyeuziwa mbuzi ndani ya gunia.

Sita, mkipokea mzigo, ufungueni mbele ya mashahidi, siku ileile, na mpige picha. Kukiwa na kasoro, andikeni kwa muuzaji siku ileile kwa heshima: tulipatana hivi, tumepokea hivi, tunataka hivi, kufikia siku fulani. Matusi hayarudishi pesa, na yanampa sababu ya kutojibu.

Saba, msinyamaze. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, na habari anazohitaji juu yake. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamtaka anayeuza kwa mtandao atoe habari kamili kabla ya kupatana. Na tuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na mtu anaweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Lakini mahakama itauliza karatasi ziko wapi. Ndiyo maana tulisema maandishi yahifadhiwe.

Anayenyamaza kwa aibu anamwachia jirani shimo wazi. Kikundi chetu kilipoandika habari yake pale pale penye mnada, bila matusi, pamoja na picha ya kile kibao, vikundi vingine viwili viliandika kwamba navyo viliuziwa vivyo hivyo na mtu yuleyule. Kila kimoja kilidhani ni peke yake.

NA SISI TUKIUZA?

Wengi wenu mnauza vyondo, asali na mihogo mikavu, na vijana wameanza kuviweka kwenye simu. Basi msije mkawa yule muuzaji. Kama asali ya msimu huu ni nyepesi, semeni. Kama kiondo kina uzi uliokatika, pigeni picha ya hapo penye uzi. Semeni nauli tangu mwanzo. Mzigo ukichelewa, pigeni simu kabla mnunuzi hajawapigia. Mnunuzi aliyeambiwa ukweli anarudi, na anakuja na mwenzake.

KUMALIZIA

Mtataka kujua mashine iliishia wapi. Muuzaji hakurudisha hata shilingi. Mwenye kinu cha posho pale sokoni aliinunua mota ya fezi tatu kwa shilingi 9,000. Kikundi kikanunua mota ya stima ya nyumbani kwa 14,000. Hesabuni wenyewe: 35,700, toa 9,000, ongeza 14,000. Ni shilingi 40,700, zaidi ya bei ya mashine mpya kwa shilingi 2,700. Zile za kujazia, kila mwanachama alichanga sawa, pamoja na sisi wa ofisi. Leo mashine inakata nepia kila asubuhi. Na kile kibao cha mota ya zamani fundi alikibandua, wakakipigilia ukutani kwenye chumba cha mikutano. Kila mtu akisema "tununue kwa simu", mweka hazina ananyoosha kidole kukionyesha. Hasemi neno.

 Sasa gawanyikeni katika vikundi vidogo, watu sita sita, mjadiliane maswali haya:

1. Je, kuna mtu katika kikundi chetu aliyewahi kununua kitu kwa simu akadanganywa, akanyamaza? Alinyamaza kwa nini?

2. Tukitaka kununua mashine au tangi leo, ni maswali gani matano tutakayomwuliza muuzaji kwa maandishi?

3. Pesa za kikundi zinapotoka, nani wanatia sahihi? Hasara ikitokea, je, tumekubaliana kwamba ni ya wote?

4. Sisi wenyewe tunapouza, ni kasoro gani tunazoificha? Tutaanza lini kuisema?